Starehe za Mitambo Ziwani na Barabarani

Ndugu askari wa jeshi na polisi, mwananchi wa Biharwe au Nakivale adaiye kwamba mashua na pikipiki za starehe zidhibitiwe asihesabiwe mpinga raha. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya anasa iitwayo Templar ilizama katika Ziwa Viktoria, upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imepakia kupita kiasi, tena bila leseni. Polisi na jeshi waliitwa kuokoa watu na kuopoa maiti. Ukaguzi ulipasa kufanyika gatini, kabla injini haijawashwa. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 yataka vyombo visajiliwe na kukaguliwa.

Ziwa Nakivale lina viboko, na maji yake hunywewa na wakimbizi pamoja na wenyeji. Tangu 2006 limo katika ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Mafuta yamwagikayo humo huishia mtungini mwa mtu.

Barabara ya vumbi nayo ni njia ya watoto waendao shule na ng'ombe waendao kunywa. Atakaye kushindana kwa mwendo na aombe kibali, barabara ifungwe, wanakijiji waarifiwe mapema. Askari naye adai karatasi, hata dereva akiwa mkubwa wake.