Vipimo vya Maabara (4): Nili na Klorini

Kipindupindu kimetajwa tena redioni, na pamoja nacho maji ya klorini. Aliyefuatana nami tangu sehemu ya kwanza anajua asilimia ni nini, kwa hiyo twende moja kwa moja Rouen, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18, ilikopatikana njia ya kupima ukali wa klorini.

Mwanakemia Berthollet alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba klorini hung'arisha nguo kwa muda mfupi, kazi iliyokuwa ikila miezi ya kuanika juani. Wenye viwanda wakaikimbilia, wakaona cha moto: dawa ikizidi ukali inaunguza pamba, ikipungua nguo inabaki na umanjano wake. Ndipo Descroizilles, mwanakemia wa mji huo, alipochora mistari kwenye bomba la kioo akapima ni nili, ile rangi ya buluu ya nguo, kiasi gani inayopaushwa na dawa ile. Ilikuwa 1795. Ukali ukapata namba, na mimi humhesabu bwana huyu kuwa mkubwa kuliko wengi waliojengewa sanamu. Mwaka 1824 mwanakemia Gay-Lussac aliiboresha mbinu hiyo; mwaka 1835 akahamishia kipimo kwenye myeyusho wa aseniki uliopimwa kwa mizani, nili ikabaki ishara tu: buluu ikitoweka, acha kumimina. Bureti za shule zetu, yale mabomba ya kioo yenye mistari, ni za ukoo huo, nazo nyingi hufungiwa kabatini hadi siku ya mtihani. Ni aibu. Wanafunzi wanaonyimwa bureti leo ndio tutakaowakabidhi wodi kesho, wakadirie dawa kwa jicho.

Maji ya klorini ya kwetu sasa, kwa ufupi. Asilimia 0.5, ya kusafishia sakafu, ni gramu 5 za klorini katika lita. Unga wa klorini ukiwa wa asilimia 70, gawanya 5 kwa 0.70: gramu 7 na ushei. Koroga kwanza katika maji kidogo, kisha ongeza hadi alama ya lita. Machicha yakituama, tumia maji ya juu. Dawa ya maji ya asilimia 3.5 huchukua sehemu sita za maji kwa moja yake. Ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, hafifu mara kumi. Usiichanganye klorini kamwe na asidi, hutoa gesi ya sumu. Tena, namba ya kwenye chupa ni ya siku ilipotoka kiwandani: joto na mwanga huila klorini, basi changanya upya kila siku.

Juma lijalo, zamu ya asidi.