Karamu za Siku ya Kuzaliwa na Gharama Zake

Katika miaka ya karibuni imeingia majumbani mwetu desturi ya kuwafanyia watoto karamu kila inapofika tarehe waliyozaliwa. Zamani jambo hili tulikuwa tukilisikia kwa watu wa Dar es Salaam na Mwanza. Leo limefika hapa Tinde, kwenye njia panda ya Shinyanga, Nzega na Kahama, nasi twaliona kwa macho yetu: Jumamosi alasiri turubai limefungwa uani, maputo yametundikwa mlangoni, na muziki wasikika mpaka msikitini.

Hatukukusudia hapa kuingia katika mjadala wa uhalali wa jambo hili. Wako masheikh wanaolikataa kabisa kwa kuwa ni kuwaiga wasiokuwa Waislamu, na wako wanaosema halina ubaya maadamu hamna haramu ndani yake. Msomaji na amwulize sheikh wake. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kufunga Jumatatu alieleza kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi, na saumu, kama ijulikanavyo, haimgharimu mtu hata senti moja. Sisi tutasema juu ya mfuko wa baba na ghala la mama.

Tuliwahi kuonyeshwa na jirani hesabu ya karamu ya mwanawe aliyetimiza miaka 4. Keki ya kilo 2, shilingi 50,000. Kuku 4, shilingi 60,000. Mchele, mafuta na viungo, 45,000. Kreti 2 za soda, 28,000. Turubai, viti na muziki, 70,000. Maputo na mapambo, 25,000. Mpiga picha, 30,000. Nguo mpya na viatu vya mtoto, 40,000. Jumla ni shilingi 348,000, nazo zilikwisha kati ya alasiri na magharibi. Ada ya chuo chetu ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mtoto yule angesomeshwa Qur'ani miaka 9 na miezi 8.

Baba wa mtoto huyu ni dereva wa bodaboda, na mama huuza wali pale njia panda. Shilingi 200,000 katika hizo hawakuwa nazo. Walizikopa kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu, wanaodai marejesho kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka, abiria wakiwapo au wasiwepo. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliyotungwa ili kuwatia adabuni watu wa kazi hii, lakini aliyekwisha kutia sahihi yake usiku, mlangoni, aghalabu hana wa kumlalamikia. Na hukumu ya riba kila Mwislamu aijua. Aghalabu riba huingia nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au njaa, na mtu akaona haya kuitaja. Hapa iliingia kwa sababu ya maputo.

Yafaa tutazame jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Wenyeji wetu Wasukuma ni watu wa ngoma na karamu tangu zamani. Hapana anayeweza kuwaambia kuwa hawajui furaha. Lakini ngoma zao na arusi zao hufanywa zaidi baada ya mavuno, pamba imekwisha kuuzwa na mpunga umo ghalani. Karamu yao huliuliza ghala kwanza. Karamu ya kuzaliwa haiulizi. Ikiwa mtoto alizaliwa Januari, basi karamu yake ni Januari, wakati watu wako katika palizi, chakula kimepungua, na shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za serikali kuanzia Januari 2016. Lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa, navyo vyataka fedha zile zile, mwezi ule ule.

Tena sisi tu watu wa nchi ya machimbo. Mtu aliyebahatika Mwakitolyo au Geita hurudi na fedha ya ghafula, akamfanyia mwanawe karamu ya keki ya ghorofa tatu. Hatumlaumu, ni fedha yake ya halali. Lakini jirani yake mkulima huitazama karamu ile kama kipimo, naye hana shimo la dhahabu bali ana ekari mbili za mahindi.

Huenda mama mmoja akasema: mbona Uislamu nao una karamu ya mtoto? Naam, unayo, nayo ni akika. Siku ya saba mtoto huchinjiwa, wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, hupewa jina, na hunyolewa nywele. Bibi Fatuma (r.a.) alizipima nywele za mwanawe Hasan akatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake, na imepokewa kuwa uzito huo ulikuwa dirhamu moja au chini yake. Asiyekuwa na uwezo wa kuchinja hapati dhambi. Na akika ni mara moja katika maisha ya mtoto. Hii nyingine hurudi kila mwaka. Mwenye watoto watano ana karamu tano kwa mwaka, wala hawezi kumfanyia mmoja akawaacha wanne wakitazama.

Gharama haiishii kwa mwenye karamu. Kila mtoto anayealikwa hutakiwa kuja na zawadi, na zawadi huandikwa moyoni mwa wakubwa: fulani alileta nguo, fulani alileta sabuni. Mwezi ujao yule aliyeletewa nguo hapeleki sabuni. Tumewaona watoto wawili wa chuoni kwetu wakizuiwa nyumbani siku ya karamu ya mwenzao kwa kuwa mama yao hakuwa na cha kuwapa mkononi. Walikaa nje ya uzio wakisikiliza muziki. Mtume (s.a.w.) alikitaja kuwa kibaya kile chakula cha karamu wanachoalikwa matajiri na kuachwa maskini, na hiyo ni karamu ya arusi, ambayo ni sunna. Basi hii iliyobuniwa juzi itakuwaje?

Na juu ya hayo kuna mchezo wa kummwagia maji mwenye siku yake. Ndoo baada ya ndoo, hapa Shinyanga! Waliopata kuamka saa tisa za usiku kufuata maji kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafikishwa Shinyanga na Kahama mwaka 2009 huutazama mchezo huo wasiseme neno.

Kuonya juu ya karamu si jambo jipya. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, aliwaonya watu wa zama zake juu ya fedha wanazoteketeza katika arusi na matanga. Nchi ya Tajikistan, ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu, ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2007 ilitunga sheria kwamba siku ya kuzaliwa isherehekewe nyumbani pamoja na jamaa tu, na wako waliotozwa faini kwa kuwakaribisha rafiki zao hotelini. Sisi hatutaki askari aje kuhesabu viti vya uani kwa mtu. Twataka baba na mama wakae usiku mmoja, watoto wamelala, wafanye hesabu kama ile tuliyoiandika hapo juu, kisha waulizane fedha inatoka wapi.

Yuko mama mmoja hapa Tinde ambaye mwanawe alipotimiza miaka 6 alikaanga maandazi, akachemsha chai ya maziwa, akavileta chuoni baada ya somo la alasiri. Gharama yake yote ilikuwa shilingi 14,000. Hapakuwa na zawadi wala mwaliko, aliyekuwapo alikula. Mwenye siku yake alisoma sura aliyokwisha kuihifadhi, na tukamwombea dua yeye na wazazi wake. Kisha tukawauliza watoto wengine kila mmoja amezaliwa lini. Kumi na mmoja hawakujua. Mmoja alijibu kuwa alizaliwa mwaka wa mpunga mwingi. Hao tumewaagiza waende kwa wazazi wao wakaulize vyeti vyao vya kuzaliwa, na wasionavyo wazazi wao wapite ofisi ya kata, kwa maana RITA huwasajili watoto walio chini ya miaka 5 bila malipo, na baadhi ya wadogo zao bado hawajafikia umri huo.