Kumlaza Mgeni Vema

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tukaao Matogoro twaijua maana ya neno hilo, kwa kuwa wageni hawatukosi. Huyu ametoka Tunduru, huyu ametoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900; na mwingine ampeleka mgonjwa hospitali ya Peramiho, naye atafuta mahali pa kulala usiku mmoja. Basi yafaa tutazame jinsi ya kumlaza mgeni, naye apumzike kweli.

Kwanza, mgeni akifika, apewe kiti na maji ya kunywa yaliyochemshwa kabisa, yakapoa katika chombo chenye kifuniko. Habari za safari yake ziulizwe kwa ufupi. Shida iliyomleta ataisema mwenyewe akiisha kula. Kisha apewe maji ya moto ya kuoga. Kabla giza halijaingia aonyeshwe choo kilipo, naye awekewe taa karibu. Mgeni asiyejua njia ya choo hukesha kwa haya, wala hathubutu kumwamsha mtu.

Pili, chakula. Wako watu wakopao fedha ili kumchinjia mgeni kuku, kisha mwezi mzima watoto wao hula ugali kwa chumvi. Huo si ukarimu, ni majivuno. Ugali wa moto kwa maharage, au kisamvu, au dagaa wa Ziwa Nyasa, ukipakuliwa kwa uso wa furaha, watosha.

Tatu, malazi. Mwanamke wa Shunemu, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha pili cha Wafalme, alimwekea nabii Elisha kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu, wala hakuna cha anasa. Nasi tumpe mgeni mahali pake: kitanda, au mkeka safi juu ya majani makavu, pamoja na shuka iliyofuliwa. Chandarua kisikosekane, maana mbu wa malaria huuma usiku. Watoto wasilazwe kitanda kimoja na mgeni. Walale kwa wazazi wao au kwa bibi yao.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Nchi yetu i juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na tangu mwezi wa Juni hata Agosti baridi hutupata sana. Mwenyeji mwema humwonea mgeni wake huruma, akamwingizia jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha. Amemtendea wema, naye amemwua! Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Alalaye humo huumwa kichwa, hulegea, huzidi kusinzia, wala haamki tena. Hata kama moshi hauonekani, sumu ipo. Kwa hiyo mgeni aote moto jikoni penye hewa, na wakati wa kulala jiko libaki nje. Baridi huondolewa kwa blanketi la pili. Kama halipo, azima kwa jirani. Kuazima blanketi si aibu.

Nanyi akina baba, msiseme, "Mgeni ni wangu," halafu kazi yote mkamwachia mama. Yeye hutwanga, huteka maji, hupika, hutandika, na alfajiri huamka wa kwanza. Baba achanje kuni, vijana wateke maji. Mgeni akiona mama wa nyumba amechoka na kununa, hawezi kula kwa raha.

Mgeni naye ana wajibu wake. Akiweza, atangulize habari ya kuja kwake. Asichague chakula, wala asiyapeleke mambo ya nyumba ile kwa jirani. Akikaa, ashike kazi, kama wazee walivyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Waalimu, wafundisheni watoto mambo haya, hasa habari ya mkaa, wakawaambie wazazi wao. Asubuhi mgeni apewe uji na kipande cha muhogo cha njiani, kisha asindikizwe mpaka barabarani. Aende salama, naye akumbuke kwamba Matogoro ana nyumba.