Paka mwenye kisukari aanze kupunguziwa wanga

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa paka 63 wenye kisukari. Waligawanywa makundi mawili, yote yakila chakula cha makopo. Baada ya miezi minne, katika kundi lililopewa wanga kidogo, asilimia 68 hawakuhitaji tena insulini. Katika kundi lililopewa wanga wa kiasi na nyuzinyuzi nyingi, walikuwa asilimia 41. Ndiyo maana kumwachia paka bakuli lake la zamani na kutegemea sindano pekee ni kumtibu nusu.

Sababu iko katika maumbile yake. Paka ni mla nyama hasa: mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake hutengeneza sukari kutokana na protini usiku na mchana, hata pale ambapo hajala chochote kitamu. Paka anayejiwindia panya na ndege hupata kwenye wanga takriban asilimia 2 tu ya nguvu za mwili. Chakula kikavu cha punje aghalabu hutoa asilimia 30 hadi 40, kwa kuwa bila unga donge halishikamani wala kuumuka kiwandani. Maneno "bila nafaka" kwenye mfuko yasimhadae mtu, maana mahali pa mahindi huwekwa viazi au njegere. Na kwa kuwa lebo nyingi hazitaji wanga, mnunuzi apige hesabu mwenyewe: protini 32, mafuta 14, maji 8, majivu 7 na nyuzinyuzi 3 ni 64, zinazobaki hadi 100, yaani 36, ndizo wanga. Ugali uliochanganywa na dagaa una kasoro hiyohiyo. Kwa paka huyu, dagaa ndio chakula na ugali ni mzigo, ingawa dagaa watupu hawamtoshelezi, wala nyama tupu, kwani nyama isiyo na mfupa ina upungufu mkubwa wa kalsiamu.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Watafiti wa Uholanzi waliripoti mwaka 2009 kwamba kilichohusiana na kisukari ni paka kufungiwa ndani na kutojishughulisha, wala si kiasi cha chakula kikavu anachokula. Wa Sweden, mwaka 2017, waliona uhusiano na chakula kikavu kwa paka wasio wanene. Tuseme basi kwamba chanzo bado kina ubishi, na kwamba unene una sehemu kubwa. Lakini swali la nini kilileta ugonjwa si swali la nini kinausaidia kuondoka. Kongosho lililochoka linahitaji kupunguziwa kazi, na kazi hiyo huongezwa na wanga. Pingamizi la gharama lina uzito zaidi, kwa kuwa makopo ni ghali. Hata hivyo insulini, sindano na vipimo navyo vina bei, tena huenda vikaendelea maisha yote, na si lazima kununua kopo lenye jina la tiba ikiwa la kawaida lina nyama nyingi na unga kidogo. Pale tu paka anapokuwa na ugonjwa wa figo pia ndipo nami narudi nyuma: fosforasi iliyomo kwenye nyama inaweza kumdhuru, na hapo daktari wa mifugo ndiye wa kupima lipi litangulie.

Hatari kubwa iko kwenye haraka. Ukiondoa wanga leo na kuacha kipimo cha insulini kilekile, sukari inaweza kushuka hadi paka akayumba, akatetemeka, hata akapatwa na degedege. Mpake asali kwenye fizi, kisha mkimbize kwa daktari. Wala asishindishwe njaa ili akubali chakula kipya, kwa maana paka mnene asiyekula kwa siku kadhaa ini lake hujaa mafuta na anaweza kufa. Changanya kidogo kidogo. Lakini kuanza kusicheleweshwe: katika utafiti mwingine wa mwaka 2009, wa wanga kidogo pamoja na insulini ya muda mrefu iliyosimamiwa kwa vipimo vya karibu, asilimia 84 ya walioanza ndani ya miezi sita tangu kugunduliwa waliacha sindano, na kwa waliochelewa ilikuwa asilimia 35. Mwenye paka aliyegunduliwa wiki hii aende kwa daktari na mfuko wa chakula mkononi, wapange kipimo kipya cha insulini kabla hajagusa bakuli.