Kabla ya Kumwuliza Dereva, Uliza Mwezi

Sisi tukaao ng'ambo za kisiwa cha Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, tumezoea kuyatazama magari ya watalii yakipita milangoni petu huku watoto wakiyapungia mikono. Ndovu wako Kwale, si mbali na feri ya Likoni, na bado watoto wengi wamwona kitabuni tu. Matembezi haya ni yetu pia.

Jirani mmoja alinijia kabla ya likizo ya Desemba. "Maalim, niwapeleke watoto kuona wanyama ama kuoga pwani?"

"Vyote, mwanangu, na siku moja yatosha. Leo mwezi ngapi?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

Nilicheka, kwani nilimwuliza mwezi wa mbinguni. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu baadaye, bahari yetu hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kwenda kuoga asubuhi hiyo ni kukanyaga mawe na mwani. Basi asubuhi hiyo ni ya Milima ya Shimba. Ondokeni baada ya swala ya alfajiri, wanyama wangali nje kwa ubaridi. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1968, na ndiyo makao ya pekee ya palahala katika Kenya, mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma kama kitara. Wazazi wachukue vitambulisho, kwani mwananchi hulipa pungufu kuliko mgeni. Adhuhuri teremkeni Diani na chakula chenu. Alasiri maji yatawakuta.

Juma moja mbele, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: bahari hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Hapo ogeni kwanza, kisha mpande Shimba.

Lakini kuna jambo ambalo halina mzaha. Bamvua huteremsha maji zaidi ya mita 3, na mtoto huona njia kavu mpaka mwambani. Maji yakirudi hayamwendei usoni tu; hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake, akageuka akakuta bahari kati yake na mamake. Mtu mzima afuatane naye, na maji yakianza kugeuka wote warudi, hata kama kaa hajashikwa.

Watu wa Changamwe hawana haja tena ya kungoja feri; barabara ya Dongo Kundu huwafikisha kusini. Wa Kisauni wenye watoto wachanga wasioweza safari ya alfajiri wanayo Bamburi, ambako René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu, mpaka pakawa msitu. Huko nyanya pia hupata kivuli cha kukalia.