Wanaotuhesabu na Kutuuliza Maswali: Taasisi za Utafiti wa Afya ni Nini?



Mara kwa mara huja katika kambi zetu za mashambani, na katika mitaa tunayopanga karibu na viwanda, kijana aliyebeba mfuko wa karatasi au simu ya kuandikia majibu. Huamkia watu vizuri, kisha huanza kuuliza. Chumba hiki hulala watu wangapi? Maji mnateka wapi? Je, yuko mtoto aliyefariki mwaka huu? Mama alirudi kazini baada ya siku ngapi tangu kujifungua? Akishajibiwa, hushukuru na kuondoka. Haachi dawa wala chandarua, na mwezi unaofuata watu hawaoni kilichobadilika.

Wanachama wengi hutuuliza watu hawa ni akina nani na wanatafuta nini. Wengine huogopa kwamba majibu yao yatafika mezani kwa Bwana Meneja. Wengine husema ni heri kufunga mlango tu. Maswali hayo ni ya haki, na mfanyakazi anastahili kujibiwa. Kwa hiyo leo tutaeleza taasisi ya utafiti wa afya na jamii ni kitu gani, inafanyaje kazi, imewahi kuwafaa wafanyakazi kwa njia gani, na sisi tunapaswa kuidai nini. Mfano wetu mkubwa tutautoa kwa jirani zetu wa Kenya.

MAANA YA "ISIYOTAFUTA FAIDA"

Kampuni ya sukari au chai inapopata faida, faida hiyo hugawiwa wenye hisa. Taasisi isiyotafuta faida haina wenye hisa. Ina bodi ya kuisimamia, ina wafanyakazi wanaolipwa mishahara, lakini fedha inayobaki haigawiwi mtu: hurudi katika kazi yenyewe. Si idara ya serikali, wala si hospitali ya kugawa dawa. Kazi yake ni kutafuta ukweli na kuuandika.

Fedha zake hutoka kwa wahisani, mashirika ya kimataifa na serikali mbalimbali. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Anayetoa fedha mara nyingi ndiye anayechagua swali. Akipenda kujua habari za malaria, malaria itachunguzwa. Asipojali habari ya mikono inayokatwa na mashine, hakuna atakayeihesabu. Basi mfanyakazi asidhani kwamba jambo lisiloulizwa si tatizo. Huenda halikupata wa kulilipia.

KWA NINI DAKTARI PEKE YAKE HATOSHI

Taasisi tunazozieleza huweka pamoja wataalamu wa aina nyingi: madaktari, wanahesabu wa takwimu, wataalamu wa elimu ya jamii, wa uchumi na wa elimu ya watoto. Tuchukue mfano mmoja tuone sababu yake.

Madaktari wote wanakubaliana kwamba mtoto mchanga anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila uji na hata bila maji. Shirika la Afya Duniani lasema hivyo, na kliniki zetu zote zahubiri hivyo. Lakini mwaka 2011 wachunguzi wa Nairobi walitangaza matokeo ya kazi yao katika mitaa miwili ya maskini. Waliona kwamba watoto walionyonyeshwa hivyo kwa miezi sita kamili walikuwa kama 2 tu katika kila 100.

Daktari akiwa peke yake angesema: "Akina mama hawa hawajui, tuwafundishe zaidi." Mtaalamu wa jamii aliketi nao akawauliza maisha yao. Akasikia kwamba wengi wanajua vizuri sana wanachoambiwa kliniki. Lakini mama ni kibarua. Siku asipokwenda kazini, siku hiyo hakuna chakula. Hurudi kazini mtoto akiwa na wiki chache tu, na kazini hapana mahali pa mtoto. Mtoto huachwa kwa jirani na kikombe cha uji. Mama mwenyewe hali shibe, naye huogopa kwamba maziwa hayatatosha.

Mnaona tofauti. Kwa jibu la kwanza kosa ni la mama. Kwa jibu la pili tatizo liko katika mshahara, likizo na mpango wa kazi, mambo ambayo chama cha wafanyakazi kinaweza kuyapeleka mezani na kuyazungumza na mwajiri.

KITUO CHA NAIROBI

Uchunguzi huo ulifanywa na Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya cha Afrika, kinachojulikana kwa herufi APHRC. Kilianza mwaka 1995 kama mpango mdogo ndani ya shirika la Population Council la Marekani, kwa msaada wa Rockefeller Foundation. Mwaka 2001 kikasimama chenyewe, makao yake yakiwa Nairobi. Mkurugenzi wake kwa miaka mingi alikuwa Dkt. Alex Ezeh wa Nigeria, na mwaka 2017 uongozi ulikabidhiwa Dkt. Catherine Kyobutungi, Mganda mwenzetu aliyesomea udaktari Makerere.

Mwaka 2000 wachunguzi wa kituo hicho walikwenda katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kuhesabu vifo vya watoto. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba mtoto wa mjini ana nafuu kuliko mtoto wa shamba, kwa kuwa mjini kuna hospitali. Na hesabu ya Nairobi yote ilionyesha hivyo: katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 62 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ambapo katika vijiji vya Kenya walikufa 113. Lakini mitaa ya mabanda ilipohesabiwa peke yake, walionekana 151. Kumbe mtoto wa banda la mjini alikuwa katika hatari kubwa kuliko hata mtoto wa kijijini.

Kwa nini jambo hilo halikuonekana mapema? Kwa sababu ya wastani. Tuseme katika idara moja ya kiwanda meneja hupata shilingi 1,000,000 na vibarua tisa hupata shilingi 100,000 kila mmoja. Ukijumlisha na kugawanya kwa watu kumi, wastani ni shilingi 190,000. Kwa karatasi kila mtu ana 190,000. Kwa kweli hakuna hata mmoja anayepata kiasi hicho. Hivyo ndivyo watoto wa matajiri wa Nairobi walivyowafunika watoto wa maskini. Mtu asiyehesabiwa peke yake hupotea ndani ya wastani.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo hicho kikachagua mitaa miwili, Korogocho na Viwandani, na kuanza kuandikisha watu wake wote, wapatao 60,000. Mtaa wa Viwandani jina lake lajieleza: uko ubavuni mwa eneo la viwanda la Nairobi, na wakazi wake wengi ni vibarua wa viwanda hivyo. Kwa miaka mingi waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiandika aliyezaliwa, aliyehamia, aliyehama na aliyefariki.

Maskini wengi hufia nyumbani, na hakuna daktari anayeandika sababu ya kifo. Kwa hiyo mchunguzi huwasubiri wafiwa wamalize matanga, kisha huwauliza kwa upole: Alikohoa muda gani? Alikonda? Alipata homa? Alianguka ghafla? Majibu hayo husomwa na madaktari, nao hukisia chanzo. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba katika miaka ya 2003 hadi 2005 UKIMWI na kifua kikuu vilichukua karibu nusu ya mzigo wa vifo vya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi katika mitaa hiyo. Kwa watoto wadogo, waliobeba sehemu kubwa walikuwa nimonia, kuharisha, na watoto waliozaliwa wafu.

Tazameni maradhi hayo. Kifua kikuu huenea kwa hewa katika chumba kisicho na dirisha kinacholala watu wengi. Kuharisha hutoka katika maji machafu na upungufu wa vyoo. Dawa ni lazima, lakini dawa haijengi choo wala haipanui chumba. Ndiyo sababu hesabu hizi ni za chama pia, si za daktari peke yake.

MASHAMBA YA CHAI YA KERICHO

Baada ya kuona shida ya akina mama wa mjini, wachunguzi wa kituo hicho walikwenda pia katika shamba kubwa la chai huko Kericho. Swali lao lilikuwa jepesi: mwajiri akimsaidia mama mahali pa kazi, je, mtoto atafaidika? Msaada wenyewe ni mambo tunayoyafahamu: nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mapumziko ya kufanya hivyo, mahali pa kulelea watoto karibu na kazi, na maelezo mema. Matokeo yalikuwa kwamba akina mama waliosaidiwa waliweza kunyonyesha maziwa ya mama peke yake kuliko wale wasiosaidiwa. Kumbe jambo lililoonekana haliwezekani kwa mfanyakazi huwezekana, mradi kazi ipangwe vingine.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea, na ampe mama mapumziko ya kunyonyesha yasiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Kuiandika sheria ni jambo moja na kuitekeleza ni jingine, lakini mfanyakazi mwenye sheria mkononi ana pa kuanzia.

Nasi huku Uganda? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa mtu afanyaye kazi siku sita kwa wiki, hizo ni wiki 10. Miezi sita ya kunyonyesha ni wiki 26. Zimebaki wiki 16. Katika wiki hizo 16 mtoto wa mchuma chai au mkata miwa atanyonyeshwa na nani, na wapi? Na yule kibarua wa siku, ambaye mara nyingi hata hizo siku 60 hazioni? Hilo ndilo swali ambalo matawi yetu yanapaswa kulipeleka kwa waajiri, na sasa tunalo jibu la kuwapa wakisema haliwezekani.

HAKI YAKO UNAPOULIZWA

Ndugu, utafiti si jambo la kuogopwa, lakini pia si la kukubaliwa kwa macho yaliyofumbwa. Mtafiti akija mlangoni kwako, yakumbuke haya:

1. Una haki ya kuelezwa, kwa lugha unayoielewa, anatafuta nini na ametumwa na nani. Utafiti wa watu hapa kwetu hupaswa kuidhinishwa na kamati ya maadili na kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mwombe akuonyeshe barua.

2. Una haki ya kukataa, au ya kuacha katikati, bila kunyimwa matibabu wala kazi. Msimamizi wa kazi hana ruhusa ya kukulazimisha kukubali.

3. Jina lako na maradhi yako ni siri. Majibu yako yasipelekwe kwa mwajiri. Ukihojiwa ofisini mbele ya msimamizi, kataa, uombe kuhojiwa pembeni.

4. Akitaka kutoa damu au kukupa dawa ya kujaribiwa, aeleze madhara yake kwanza. Usitie sahihi wala kidole gumba kabla ya kuelewa.

5. Uliza matokeo yatarudi lini, na yatasomwa wapi. Deni hili ndilo linalosahauliwa kuliko mengine yote.

KAZI YA TAWI

Hatuwezi kuwadanganya wenzetu. Vijana wa Viwandani wamehesabiwa kwa miaka mingi, na mabanda yangalipo. Taasisi huonyesha kidonda, lakini haina mamlaka ya kumlazimisha mwenye kiwanda. Hesabu iliyokaa kabatini haimnyonyeshi mtoto. Lazima iwe na mtu wa kuibeba, na katika shamba au kiwanda mtu huyo ni chama.

Kwa hiyo tunaomba kila katibu wa tawi afanye mambo mawili. Kwanza, watafiti wakija, aonane nao mapema, ajue wanauliza nini, na aombe wakutane na wafanyakazi tena watakapomaliza. Pili, tawi lenyewe lianze kuandika katika daftari: nani aliumia na kwa mashine gani, akina mama wangapi walijifungua na walirudi kazini baada ya wiki ngapi, watoto wangapi waliugua. Kazi hiyo haihitaji shahada ya chuo kikuu. Yahitaji kalamu, uaminifu, na mtu asiyechoka.

Siku ya kukaa mezani na mwajiri, yeye huja na hesabu zake za gharama. Nasi tuje na zetu.