Mhasibu, Kompyuta na Tarakimu ya Kwanza

Kazi ya uhasibu haikomei katika kujumlisha na kutoa. Siku hizi kompyuta huitimiza kazi hiyo kwa sekunde chache. Linalobaki kwa mhasibu ni kupima kama hesabu iliyojumlishwa sawasawa ni ya kweli.

Kipimo kimojawapo kilianzia kwenye majedwali ya logi. Mwaka 1881 Simon Newcomb, mwanafalaki wa Marekani, alitambua kwamba kurasa za mwanzo za majedwali hayo huchakaa upesi kuliko za mwisho. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford alichunguza namba zaidi ya 20,000 za aina mbalimbali, akaona kwamba zinazoanza na tarakimu 1 ni kama asilimia 30, na zinazoanza na 9 hazifiki asilimia 5.

Sababu yake ni hii. Shilingi 1,000 hazina budi kuongezeka kwa asilimia 100 ndipo zianze na 2; lakini shilingi 9,000 zikiongezeka kwa asilimia 11 na kitu tu, hufika 10,000 na kuanza tena na 1. Hivyo basi, kiasi kinachokua hukaa kwenye 1 kwa muda mrefu zaidi. Logi ya 2, yaani 0.301, ndiyo asilimia 30 hiyo.

Tuseme karani anaruhusiwa kulipa bila idhini kiasi kisichofika shilingi 500,000. Hati zinazoanza na 4 zikizidi mno, kompyuta itazifichua mara moja. Lakini huenda hizo ni kodi za nyumba, shilingi 450,000 kila moja. Mhasibu atalijua hilo kwa kumwuliza karani kwa staha, na kumsikiliza kabla ya kumhukumu.

Uingereza ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, ulioanza kuenezwa katika ofisi za posta mwaka 1999, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Waliolalamika hawakusadikiwa, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, na baadhi yao walifungwa. Mahakama Kuu ilithibitisha kasoro za mfumo huo mwaka 2019, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu.

Wanafunzi wanaweza kuijaribu kanuni ya Benford kwa idadi ya watu wa kata mbalimbali. Kisha wajaribu urefu wao kwa sentimita: karibu zote zitaanza na 1, wala hakuna aliyedanganya.